Sini 17, hadithi sifuri

Ya kwanza niliiandika 2021 nikiwa juu ya pantoni, natoka Magogoni navuka Kigamboni kumfata fundi aliyekula hela yangu ya madirisha (hiyo kesi nyingine, na hela sijaiona mpaka leo). Pembeni yangu kasimama mama mmoja, mtandio wa njano, mkononi ana karanga za kwenye karatasi. Tulipofika katikati ya maji akafungua simu, akatoa laini, akaitia kwenye meno akaikunja mpaka ikalia ka, akaitupa majini. Halafu akaendelea na karanga zake. Hakuangalia hata ilipodondokea. Mi nikatoa simu hapohapo nikaandika kwenye notsi: mama wa njano, laini, meno, karanga. Tukashuka, akapotelea kwenye watu, na mimi nikajiona mwandishi.

Ndo ugonjwa ulivyoanza. Miaka mitatu baadaye nilikuwa na sini 17 kwenye simu. Nasema sini kama wanavyosema watu wa Bongo Movie, maana ukisema "onesho" naona kama niko kwenye chumba cha mtihani. Kulikuwa na mzee ananyoosha kanzu saa nane usiku kwa pasi ya mkaa, cheche zinaruka, redio iko chini kabisa. Kulikuwa na mtoto wa miaka kama 12 kwenye duka la vitenge Kariakoo anarudisha chenji iliyozidi, tena makusudi, yani unaona kabisa macho yanajua hesabu ila mkono unafanya mambo yake. Msiba ambao hakuna anayelia. Tranka la bati chini ya kitanda, kufuli jipya, ufunguo uko shingoni kwa mtoto. Jamaa wawili wamepanda bodaboda moja wanabishana Simba na Yanga, wakifika kwenye mataa wananyamaza wote kwa pamoja kama wamekumbuka kitu kimoja. Hii ya bodaboda nilikuwa naipenda kuliko zote, nilikuwa naweza kumsomea mtu hata hajaniomba.

Kila moja ukiisoma peke yake unasema huyu jamaa anajua. Ukizisoma zote 17 mfululizo ni kama umepanda daladala Mbagala umeshuka Makumbusho, umesikia mazungumzo ya watu nusunusu njia nzima na huna cha kumsimulia mtu nyumbani.

2024 nikasema basi, nakaa chini naifanya riwaya. Washkaji walishanijaza upepo, kuna hii Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya uandishi bunifu, washindi wa kwanza walitangazwa Aprili 2023, peleka na wewe, wewe si unaandika vizuri. Shida ya kuambiwa unaandika vizuri ni kwamba unaanza kudhani una hadithi.

Jaribio la kwanza nilizipanga tu. Za asubuhi mwanzo, za usiku mwisho, zile ambazo hazina saa nikazichomeka katikati. Nikaandika vipande vya kuziunganisha, mtu anatembea kutoka sini hii kwenda ile, anapanda gari, anashuka, anasalimia, ananunua maji. Kurasa 60 hivi. Nilipokuja kuzisoma nikaona karibu kila ukurasa unaanza na "halafu" au "siku hiyohiyo" au "wakati huo huko Kariakoo". Wakati huo huko Kariakoo! Kama mtangazaji wa mpira anavuka viwanja. Na vile vipande vya kutembea na kupanda magari ndo vilikuwa vibaya kuliko vyote, maana havikuwa na kazi nyingine zaidi ya kubeba msomaji kutoka picha moja hadi nyingine, na msomaji sio mzigo.

Jaribio la pili nikawaweka wote kwenye basi moja la kwenda Tanga. Basi linaharibika Segera, watu wanashuka, wanakaa chini ya mti, wanaanza kusimuliana. Kumbe mtoto wa chenji ni wa yule mama! Kumbe mzee wa pasi ni baba wa dereva! Kila ukurasa kumbe. Shuleni tulifundishwa sadfa ni mbinu ya kisanaa, unaitaja kwenye fani unapata maksi zako mbili, ila ukija kuandika mwenyewe ndo unajua kazi yake ilivyo. Sadfa ya kumharibia mhusika mambo msomaji anaimeza bila hata maji. Sadfa ya kumtengenezea mambo, anaitema. Mimi zangu zote zilikuwa za kutengeneza, tena zilikuwa zinanitengenezea mimi, sio hata wahusika.

Jaribio la tatu ilikuwa ndoto. Tusiiongelee.

Sasa nina dada, mtoto wa mama mkubwa, anasuka nywele Temeke. Huyu dada ni msomaji kweli, sio wa kusema tu, anasoma simulizi za WhatsApp zile za kulipia, sehemu ya kwanza mpaka ya 60, anasoma huku anasuka, simu kaisimamisha kwenye kopo la mafuta anasogeza ukurasa kwa kidole kidogo. Nikampelekea ile ya basi. Nilitegemea atasema nzuri. Baada ya siku mbili nikapita saluni.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Nimeisoma kitu yako. Sasa huyu mama alitupa laini kwa nini?"

"Subiri utaona mbele."

"Nimefika mwisho, mdogo wangu. Mbele ipi?"

Nikajaribu kumwelezea, nikasema laini pale ni kama ishara ya mtu kukata mahusiano na dunia. Akaniangalia tu. Mteja aliyekuwa anasukwa akageuza kichwa na yeye akaniangalia, akaambiwa tulia. Dada akauliza tena: "Na huyu mzee, kwa nini pasi ya mkaa? Kwao umeme haujafika?" Nikasema umefika, ila pasi ya mkaa inapendeza zaidi, zile cheche, ule moshi. "Inampendeza nani? Mtu anayenyoosha nguo saa nane usiku hatafuti cha kupendeza, anatafuta nguo inyooke."

Niliumia, siwadanganyi. Nikakaa pale kwenye benchi kwa hasira tu, sikuwa na pa kwenda, nikawa naangalia mikono yake. Alikuwa anasuka twende kilioni na rasta. Nimekulia kwenye nyumba ya wanawake, nimeona nywele zikisukwa maisha yangu yote, lakini sijawahi kuangalia. Anaanza na nywele yenyewe ya mtu, nyembamba, akienda kidogo anaongeza uzi wa rasta, anasuka, akienda tena anaongeza mwingine. Ila haongezi pale wa kwanza ulipoisha. Anauingiza wakati wa kwanza bado umenona, unakwenda nao pamoja misuko mitatu minne, ndo ule wa zamani unapungua taratibu chini yake na hujui ulipoishia. Nikamuuliza ukiusubiri uishe ndo uweke mwingine inakuwaje. Akasema inakuwa fundo, na ukivuta inachomoka. Akasema hivyo bila kuniangalia, yeye alikuwa anaongelea nywele.

Na sisi kwenye Kiswahili ploti tunaiita msuko. Nimeliandika hilo neno kwenye mitihani mara ngapi sijui, msuko wa matukio ni wa moja kwa moja, msuko wa matukio ni rejea, na sikuwahi kuwaza kwamba kuna mtu mahali anasuka.

Lakini hiyo peke yake isingenisaidia. Sawa, uzi wa pili uingie kabla wa kwanza haujaisha, uzi wenyewe ni nini sasa? Kilichonifungua kilikuja dakika kumi baadaye. Dada akanyanyua uso, akaangalia nje kupitia pazia, akacheka kidogo puani.

"Unamuona yule?"

Kuna dada mmoja alikuwa anapita mbali kule, nyuma ya msikiti, ana kapu la sokoni.

"Nyumba yake ni hii ya pili hapa. Soko liko huku. Ila siku hizi anazunguka mpaka kule nyuma, jua lote hili, kisa elfu 15 yangu ya rasta ya Idi."

Wakacheka yeye na mteja wake. Mi sikucheka. Nilikuwa naangalia mtu anatembea njia ndefu juani na kapu zito, na ukimkuta pale bila kujua chochote ungeandika kwenye notsi "mwanamke, kapu, jua, nyuma ya msikiti" ukajisifu, kumbe hiyo sini ina mwenzake iliyotokea wiki kadhaa nyuma kwenye kiti hichihichi, na hakuna haja ya mtu yeyote kupanda gari kutoka sini moja kwenda nyingine. Deni lenyewe ndo limemtembeza.

Nikaondoka hata sijaaga vizuri.

Nyumbani nikachana katoni ya maji vipande 17, kila sini kipande chake. Upande wa mbele jina la sini. Upande wa nyuma mistari miwili tu: anaingia anadaiwa nini, na na nani. Anatoka anadaiwa nini, na na nani. Deni sio lazima iwe hela. Jibu ni deni, ahadi ni deni na hata wahenga walisema, samahani ambayo haijaombwa ni deni, uongo uliousema ni deni kabisa maana lazima uulishe kila siku. Kama mstari wa pili umefanana na wa kwanza, ile sio sini bado, ni picha. Inaweza kuwa picha kali sana, lakini mtu ameingia na ametoka vilevile.

Kwenye 17, zilizokuwa na mstari wa pili tofauti zilikuwa mbili. Mbili! Zingine zote picha. Miaka mitatu nimekuwa mpiga picha bila kujijua.

Kwahiyo nikaanza na maswali ya dada, kama alivyouliza yeye, kwa lugha ileile. Mama wa njano (nikampa jina Mwanaidi) alitupa laini kwa nini? Mtu anatupa laini kwa sababu kuna watu wanaipigia. Nani? Wanaomdai. Wanamdai nini? Nikakumbuka michezo ya kina mama mtaani, kila wiki mnatoa hela, mmoja anachukua zote, na kuna kijumbe anayekusanya. Mwanaidi ni kijumbe. Watu 20, elfu 50 kila mmoja, milioni moja kwa wiki inapita mkononi mwake. Na wiki moja alimpa mwenzake zamu isiyo yake, kwa siri, kwa huruma, na huyo mwenzake akahama usiku. Sasa mwenye zamu yake halali anapiga simu. Anapiga. Anapiga.

Vizuri. Hiyo ni sini moja na deni lake. Sasa nikageukia ya mzee na kanzu, na swali la kijinga kabisa la dada, kwa nini pasi ya mkaa na umeme upo. Nikajibu kama mtu anayejibu kesi: kwa sababu umeme umekata. Kwa nini umekata? LUKU imeisha. Kwa nini hajanunua? Yeye hanunuagi, ananunuliwaga, mwanae yuko Dar anamlipia kwa simu kila mwezi anamtumia zile namba 20 kwa meseji, yeye anazibonyeza kwenye mita. Na mwezi huu mbona hajatuma?

Nilisimama. Kweli nilisimama nikazunguka chumba. Mwezi huu mwanae ametupa laini baharini!

Sini mbili ambazo nilizishika tofauti miaka mitatu, moja Kigamboni na moja sikuwahi hata kuipa mji, kumbe ya pili ni mkia wa ya kwanza. Mzee yuko gizani Pangani kwa sababu binti yake ameuma kadi ya simu Dar. Hakuna kumbe, hakuna basi la Segera, hakuna mtu aliyekutana na mtu. Na ile pasi ya mkaa niliyoiweka kwa ajili ya cheche, sasa cheche ni zilezile lakini kila cheche inasema Mwanaidi yuko wapi. Kosa langu halikuwa kuipenda pasi ya mkaa. Nilipenda nikaishia hapo.

Ya tatu ikaja kwa urahisi kidogo. Kanzu ya saa nane usiku ni ya nini? Kesho kuna maziko, kaka yake mzee amefariki. Kwenye rasimu ya zamani nilikuwa nimeulaza ule mwili siku tatu watu wanasubiriana, kama kwenye tamthilia, wakati mimi mwenyewe ni Muislamu na najua mtu akifa jioni kesho yake mchana tushamzika. Nikarekebisha, na ile haraka ikanisaidia: hakuna muda wa kutafuta fundi, hakuna muda wa kwenda kwa jirani mwenye umeme, na kutoka Dar mpaka Tanga mjini halafu ushuke tena Pangani sio safari ya kuamka ukaiwaza asubuhi. Mwanaidi akijua usiku ule anawahi. Akijua kesho yake ameshakosa. Na simu yake haipatikani.

Hapo ndo nikafika kwenye ile sini ya msiba usio na kilio, ambayo niliiona kama kitu kikubwa cha ajabu. Dada alishaniambia, "Kwani sisi si ndo tunavyozika? Kimya?" Kweli. Pwani msiba wa kimya sio habari, mtu akipiga ukelele ndo anatulizwa. Kilichotakiwa kuwa cha ajabu ni pale macho yalipo. Nikaandika upya, wanawake wamekaa ukumbini, uradi unasomwa, na wawili waliotoka Dar ambao hakuna anayewajua vizuri hawaangalii walioko ndani, wanaangalia mlango. Maana wanajua hakuna mtu anayekosa msiba wa baba yake mkubwa. Hawakuja kuhani, wamekuja kumkamata.

Swali likabaki, sasa Mwanaidi amejuaje kuna msiba kama hana laini? Na mtoto wa Kariakoo bado amekaa pembeni na chenji yake. Nilimuangalia huyu mtoto wiki nzima. Anamrudishia mteja hela zaidi. Kwa nini mtoto azidishe chenji? Anamlipa. Anamlipa nani? Mtu anayemdai mama yake. Ni mwanae Mwanaidi, jioni akitoka shule anauza duka la watu, na mmoja wa wale wa mchezo ni mteja wa vitenge, kila akija mtoto anamzidishia elfu tano, hasemi kitu. Mara ya kwanza yule mama anadhani kakosea. Mara ya pili anamuangalia. Mara ya tatu, badala ya kuuliza, anaweka hela kwenye pochi anasema, "Babu yako mkubwa wa Pangani kafariki jana. Mwambie mama." Maana na yeye ni mtu wa kulekule.

Ukiangalia hapo uzi wa msiba umeingia wakati uzi wa chenji bado mnene. Na mtoto ametoka kwenye sini na deni jipya, maana zile elfu tano ni za tajiri mwenye duka, siku akipiga hesabu moto unawaka. Hilo nimeliacha liende linapungua chini kwa chini mpaka sura ya tisa.

Sasa kulikuwa na kitu kimoja kilinisumbua, kinahusu miaka. Nilikuwa nimeirudisha hadithi 2014, kipindi kile laini unanunua barabarani kama unanunua pipi, ili Mwanaidi apotee vizuri. Maana siku hizi laini ni alama za vidole na namba ya NIDA, mwisho wa kusajili ilikuwa Januari 20, 2020, zile foleni nani hazikumbuki. Ukitupa laini leo ukasajili nyingine, jina ni lilelile. Nikaona hiyo inaniharibia. Kumbe ndo ilikuwa inanipa hadithi. Mwanaidi amekosa maziko, kilichobaki ni rambirambi. Akituma kwa laini mpya, kwenye simu ya mpokeaji litatokea jina lake lote kamili. Anaweza kumpa mtu mwingine amtumie, sawa, lakini rambirambi isiyo na jina ni sawa na hujatoa. Lile daftari la rambirambi litakaa kwenye ile nyumba miaka, watu watalifungua kwenye misiba mingine kuangalia nani alitoa nini, na yeye asiwepo? Kwa baba yake mkubwa?

Anatuma elfu 20. Jina linatokea. Kijana anayeandika daftari anaandika jina, kiasi na namba. Na siku ya tatu daftari limepotea, sini ambayo mwanzo niliiweka kama kichekesho tu, sasa kila msomaji anajua limepotelea kwenye mkoba wa nani na kwa nini.

Sitaki niwadanganye kwamba zote zilikaa. Kati ya 17 zimeingia sita. Jamaa wa bodaboda hawakuingia. Nilihangaika nao kuliko wote, nikamfanya mmoja mpwa wa marehemu, nikamfanya mwingine polisi, nikahamisha mataa kutoka Dar nikayapeleka Tanga, na kila nikigeuza kile kipande cha katoni nyuma mistari miwili ni mitupu, hawadaiwi kitu na mtu yeyote kwenye hii hadithi, wanadaiwa na mimi tu. Nimewaweka kwenye faili lao. Tranka nalo nililiingiza kwa nguvu, nikasema hela ya mchezo imo humo, nikagundua kama hela imo humo basi laini imetupwa bure na kila kitu kinabomoka kuanzia ukurasa wa kwanza. Nikalitoa. Ufunguo shingoni kwa mtoto bado naupenda. Iko siku.

Kuna mtu atasema mbona hizi simulizi za WhatsApp zinafanya hivyohivyo, kila sehemu inaisha na deni, mlango unagongwa, itaendelea. Ni kweli na nawaheshimu, wale watu wanajua kukopa kuliko benki. Shida yao wengi ni kulipa. Unafika sehemu ya 45 mlango wa sehemu ya sita bado unagongwa na mwandishi mwenyewe ameshasahau ni nani yuko nje.

Suala la nianzie wapi halikunichukua muda hata, ingawa ndo nililiogopa zaidi. Mambo yametokea kuanzia kwenye pantoni, ila kuyasimulia nimeanzia kwenye pasi ya mkaa, giza, mzee anapuliza makaa, simu pembeni inasema namba unayopiga haipatikani. Msomaji anakaa na hilo giza sura mbili ndo namrudisha Kigamboni. Nilipojua nani anamdai nani, kupanga mpangilio ikawa kama kupanga viti.

Nikampelekea dada rasimu. Safari hii hakukaa siku mbili, usiku uleule saa tano akatuma voisi, nyuma nasikia feni.

"Yani mzee wa watu yuko gizani kisa laini, umeniua." Akacheka. Halafu kikapita kimya kirefu nikadhani imeisha. "Ila mdogo wangu, hapa umekosea. Mimi ningekuwa huyo mwanamke ningemnunulia baba umeme kwanza, ndo nitupe laini. Hata niwe nakimbia vipi. We umeandika kama kamsahau baba ake. Hawezi kumsahau."

Niliisikiliza mara tatu. Nikatafuta pa kubisha, sikuona.

Kwahiyo amenunua. Yuko kwenye foleni Magogoni, amelipia umeme wa baba yake kwa simu, hela imeshakatwa, mtandao unasuasua, zile namba hazijaja. Pantoni inaita. Anapanda. Amenunua karanga ili awe na kitu cha kufanya na mkono, anakula mojamoja, macho kwenye kioo, hajatupa laini kwa sababu anasubiri meseji moja tu ya namba 20 aikariri au aiandike kwenye kile kikaratasi cha karanga amtafutie njia nyingine ya kumfikishia. Badala ya meseji inaingia simu. Yule mwenye zamu yake. Inakata, inaingia tena. Wako katikati ya maji, mbele anaona watu wamejaa kwenye geti la Kigamboni na hajui nani yupo pale anamsubiri. Simu inaingia mara ya tatu.

Miaka yote ile nilidhani yule mama alikuwa anakula karanga kwa sababu hajali.

Nimerudi kwenye ile notsi ya 2021, sini ya kwanza kabisa, nikafuta sentensi moja: halafu akaendelea na karanga zake. Sasa karanga zinaisha kabla.